Kuendesha Gari Katika Mvua Kubwa na Ukungu: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kwa Dereva wa Safari Ndefu

Nimeendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa miaka 17, na siku hizi kazi yangu kubwa ni kukaa kiti cha kushoto nikiwafundisha madereva wapya njia hiyohiyo. Kila masika yanapokaribia huulizwa swali lilelile: mvua ikinyesha, niende spidi ngapi? Wengi hukereka kwa kuwa siwapi namba. Mvua na ukungu vinamnyang'anya dereva vitu viwili, yaani macho na mshiko wa tairi, na spidi inayofaa ni ile inayokuruhusu kusimama kabisa ndani ya kipande cha barabara unachokiona kwa uhakika wakati huo. Kipande hicho kikipungua, spidi nayo inapungua, hata kama kibao kimeandikwa 80. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa mfuatano wa safari yenyewe, na mwenye gari dogo atazitumia sawasawa na mwenye semi-trela, isipokuwa pale nitakapotaja tofauti.

Hatua ya 1: Soma utabiri kabla ya kupanga saa ya kuondoka

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za hali mbaya kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Soma taarifa ya mikoa yote utakayopita, usiishie kwenye mkoa unaotokea. Pwani kuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, ilhali Iringa, Njombe na Mbeya zina msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba na kwisha Aprili. Kwa hiyo mwezi Januari unaweza kuondoka Dar es Salaam kwenye jua kali ukakutana na mvua ya mawe Mafinga.

Baada ya utabiri, mpigie simu dereva mwenzako aliye mbele yako. Machi 2020 mvua zilikata barabara ya Morogoro kwenda Dodoma pale Kiyegeya, wilayani Gairo, na Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ikakatika eneo la Somanga. Katika hali kama hizo, aliyepata habari akiwa bado mbali alikuwa na nafasi ya kuamua, na aliyezipata akiwa kwenye foleni ya malori hakuwa nayo. Amua pia mapema ni wapi utalala hali ikiharibika. Mimi huandika vituo vitatu kwenye karatasi, kwa mfano Mikumi, Ilula na Makambako, kwa sababu nimeona kwamba dereva aliyechoka saa nne usiku hapangi tena. Anasukuma tu mbele.

Hatua ya 2: Kagua tairi, waipa na taa gari likiwa bado yadi

Mifereji ya tairi ina kazi moja kubwa wakati wa mvua, nayo ni kuyapitisha maji pembeni ili mpira uguse lami. Ndani ya mifereji hiyo kuna vinundu vidogo vya mpira ambavyo kiwanda kimeviweka kwenye kimo cha milimita 1.6, uso wa tairi ukilingana navyo, tairi hilo limekwisha. Kwa barabara yenye maji mimi sisubiri mpaka hapo, naanza kudai jipya likifika milimita 3. Pima na upepo tairi likiwa la baridi, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo linabonyea katikati na kuyakusanya maji chini yake.

Waipa ndizo zinazosahauliwa kuliko kitu chochote. Zimekaa miezi ya kiangazi zikichomwa na jua, mpira umekauka kama ganda la muwa, na siku ya mvua ya kwanza zinapaka tope kwenye kioo badala ya kulifuta. Ziinue, zifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha mwagia kioo maji uone zinavyofanya kazi. Kwa ndani, kioo kisipigwe ukungu wa pumzi, washa kiyoyozi pamoja na hewa ya moto na ufungue hewa ya kutoka nje. Kama gari halina kiyoyozi, sugua kioo kwa kipande cha sabuni kavu, halafu kisugue kwa kitambaa kikavu mpaka alama zote zipotee. Utingo mmoja mzee ndiye aliyenifundisha hilo, na bado nalifanya hata kwenye gari lenye kiyoyozi kizuri.

Futa taa zote, za mbele na za nyuma. Usiku wa mvua, taa ya nyuma iliyopakwa tope ni sawa na hakuna.

Hatua ya 3: Ongeza umbali kwa kuhesabu

Chagua kitu pembeni mwa barabara, kibao au mti. Gari lililo mbele yako likikipita, anza kuhesabu kwa sauti: elfu moja na moja, elfu moja na mbili, elfu moja na tatu. Kila tamko linachukua takribani sekunde moja. Kwenye lami kavu usikifikie kitu hicho kabla ya tatu. Kwenye lami iliyolowa usikifikie kabla ya sita. Ukiwa kwenye spidi ya 80 gari linakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo sekunde 6 ni zaidi ya mita 130, na huo ndio umbali utakaohitaji iwapo basi la mbele litafunga breki ghafla. Watu watakuingilia kwenye nafasi hiyo, hilo halina shaka. Legeza mafuta, rudi nyuma, uanze kuhesabu upya. Safari nzima hutapoteza hata robo saa.

Uwe mwangalifu zaidi katika dakika za mwanzo za mvua baada ya jua la muda mrefu. Mafuta na vumbi vilivyolala juu ya lami huchanganyika na manyunyu na kuwa utelezi, na hali hiyo hutulia mvua kubwa ikishaviosha. Vijana hupunguza mwendo mvua ikishakuwa kubwa, wakati sehemu ya utelezi mbaya wameshaipita wakiwa mbio.

Hatua ya 4: Gari likianza kuelea juu ya maji, tulia

Mwaka wangu wa pili barabarani nilikuwa natoka Morogoro na tairi za mbele zilizokaribia vipara. Mwenye gari alikuwa ameniambia nimalizie safari hiyo kwanza, na mimi, kwa kuogopa kazi kuota mbawa, nikakubali. Karibu na Mikese mvua ilikuwa imeacha maji yaliyotanda kwenye bonde la barabara. Kwanza ile sauti ya maji kupiga chini ya bodi ikanyamaza. Kisha usukani ukawa mwepesi mikononi, kama umeachana na magurudumu. Nikafanya kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya: nikakanyaga breki. Maji yalipokwisha na tairi zikashika lami tena, gari lilivuta kulia mara moja, na kilichoniokoa ni kwamba upande wa pili hapakuwa na mtu.

Ukizisikia dalili hizo mbili, yaani ukimya chini ya gari na usukani kuwa mwepesi, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani uelekee mbele bila kuuzungusha, wala usiguse breki. Mwendo ukishuka, tairi zitayakata maji zenyewe na kurudi kwenye lami. Ukiwa na tairi nzima tatizo hili huja kwenye spidi kubwa. Zikiwa zimelika linakuja mapema zaidi, hata chini ya 80.

Kama kuna ulazima wa kufunga breki kwenye lami iliyolowa na gari lina mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga, kanyaga kwa nguvu na uendelee kukanyaga hata pedali ikitetemeka, kwani mtetemo huo ni mfumo ukifanya kazi yake. Gari la zamani lisilo na mfumo huo linataka kukanyagwa na kuachiwa kwa vipindi vifupi.

Hatua ya 5: Kwenye ukungu, fuata mstari wa kushoto

Kuanzia Mafinga kwenda Makambako, na zaidi ukikata kuelekea Njombe, ukungu wa alfajiri unaweza kukuachia mita 30 tu za kuona. Washa taa za chini na taa za ukungu kama zipo. Usiwashe fulu, kwa sababu mwanga wake unagonga matone ya maji hewani na kukurudia usoni kama ukuta mweupe. Usitembee ukiwa umewasha hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja: aliye nyuma hawezi kujua kama umesimama au unakwenda, na kwenye magari mengi hataiona indiketa yako ukitaka kukata kona. Hazadi ni za gari lililosimama au linalokaribia kusimama.

Macho yafuate mstari wa pembeni, upande wako wa kushoto. Anayefuata mstari wa katikati hukutana na mwenzake anayeufuata huohuo kutoka upande wa pili. Usizifuate pia taa nyekundu za gari la mbele kana kwamba ni mwongozo wako, maana akiacha barabara utaiacha pamoja naye. Zima redio, shusha kioo kidogo, usikilize. Na kulipita gari jingine ndani ya ukungu sikufundishi namna yake, kwa kuwa haipo.

Hatua ya 6: Shuka mlima kwa gia, tena kabla ya mlima

Mlima Kitonga, mkoani Iringa, una kona kali zinazofuatana na upande mmoja ni korongo. Ukitoka Ilula kuelekea Ruaha Mbuyuni, chagua gia nzito ukiwa bado juu, kabla mteremko haujaanza. Kanuni ya wazee wa barabara ni kwamba gia uliyopandia ndiyo uteremkie. Ukisubiri mpaka gari likimbie, gia haitaingia, na hapo umebaki na breki peke yake, ambazo zikipata moto zinaacha kushika. Kushuka kwa nyutro ili kubana mafuta ni kujitafutia kaburi.

Hapa kuna tofauti kwa wenye semi-trela. Trela likiwa tupu na barabara imelowa, usitumie breki ya injini, ile inayopunguza mwendo kwa ukinzani wa injini yenyewe, kwa nguvu zote, kwa sababu inazuia magurudumu ya kichwa peke yake. Yakiteleza, trela linaendelea kusukuma kutoka nyuma na gari linajikunja kama kisu cha mfukoni. Tumia nguvu ya chini, ukisaidia na breki ya mguu kwa kugusa kidogokidogo.

Hatua ya 7: Maji yakikatiza barabara, simama

Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya na wageni wa harusi lilisombwa na mto Enziu, karibu na Mwingi nchini Kenya, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Ninawasimulia wanafunzi wangu tukio hilo kwa sababu hawaamini kwamba chombo kizito kiasi kile kinaweza kuondolewa na maji. Kila sentimita 30 za maji zinazopanda kwenye ubavu wa gari dogo zinalibeba kwa nguvu ya karibu kilo 680. Sentimita 30 zinatosha kuelesha magari mengi madogo, na sentimita 60 za maji yanayokimbia zinaweza kuondoka hata na pikapu.

Kina peke yake hakikuambii kila kitu, kwani maji ya kahawia yanaficha kama kalvati bado lipo. Simama mbali na ukingo, mahali pa juu, tazama kama unaiona lami au nguzo za daraja. Usipoziona, subiri au urudi. Patakuwa na watu watakaokuambia upite, kwamba fulani amepita sasa hivi. Hao hawatakuwemo ndani ya gari lako. Jijini Dar es Salaam, Jangwani ikijaa maji ya Msimbazi, hesabu kwamba njia hiyo haipo na uzunguke.

Kama maji yametulia, ni ya chini ya nusu ya gurudumu na unaiona njia, pita kwa gia ya kwanza, mwendo mmoja, bila kubadili gia katikati. Injini ikizimika ndani ya maji usijaribu kuiwasha, kwa maana ikiwa imeyavuta maji itapinda fimbo za pistoni.

Hatua ya 8: Ukishatoka kwenye maji, kausha na ukague

Tembea polepole mita mia chache huku ukigusa breki kwa mguu wa kushoto, kama gari ni la otomatiki, au ukisimamasimama kidogo kama ni la gia, mpaka uhisi zinashika sawa pande zote. Ukifika kituoni, ingia chini ya gari na tochi, uondoe nyasi na matope yaliyojibana kwenye mabomba ya breki. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua nati ya difu, yaani sanduku la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma, na uchovye kidole: mafuta yakitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na gari hilo halitoki yadi mpaka yamwagwe na kujazwa mengine.