Eko ya moyo shuleni: namna ya kupata vipimo vya valvu vinavyofaa kuingia kwenye utafiti

Mwaka 2007 watafiti waliopima wanafunzi wa Kambodia na Msumbiji walionyesha kwamba eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) hukamata ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi (valvu, yaani milango ya moyo, kuharibika baada ya maambukizi ya koo) takriban mara kumi zaidi ya stetoskopu. Kwa upande wa Msumbiji, stetoskopu ilitoa watoto wawili na kidogo katika kila 1,000, na eko ikatoa 30. Tangu hapo stetoskopu peke yake haitoshi tena kwa utafiti wa ugonjwa huu mashuleni. Lakini mashine hiyohiyo, ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani, inaweza kukuzalishia wagonjwa wasiokuwepo.

Piga hesabu. Katika watoto 1,000, tuseme wagonjwa halisi ni 20. Ukikosea kwa wawili tu katika kila watoto 100 wazima, unapata wagonjwa bandia wapatao 20. Nusu ya orodha yako haina ugonjwa, na yeyote kati yao anaweza kujikuta anachomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye vitufe na rula kuliko kwenye uzuri wa picha.

Kabla ya kufika shuleni

Idadi ya watoto ipangwe mapema. Ukipima 2,000 na ugonjwa uwe 2%, jibu lako litakuwa kati ya 1.4% na 2.6% hivi. Watoto wa shule moja hufanana, kwa kuwa wanaishi mitaa ileile na kuambukizana makoo yaleyale, kwa hiyo idadi hiyo izidishwe kwa 1.5 hadi 2. Shule nyingi zenye watoto wachache kila moja zina faida kuliko shule mbili kubwa.

Mashine iwe na Doppler ya mfululizo, inayopima kasi ya damu kwa wimbi lisilokatika. Hili halina mjadala, kwa sababu kigezo cha ugonjwa cha kasi ya mita 3 kwa sekunde, tutakachokiona mbele, hakipimiki bila hiyo. Mashine nyingi za mkononi hazina, kwa hiyo kazi yake ni kuchuja tu: mtoto mwenye mvujo (damu kurudi nyuma) wa sm 1.5 au zaidi kwenye mitrali, valvu ya kati ya vyumba vya kushoto vya moyo, au mvujo wowote wa aota, valvu ya damu kutokea moyoni, anapelekwa kwenye mashine kamili. Uchujaji wa namna hii umejaribiwa Uganda na unafaa, mradi usiandike matokeo yake kama utambuzi.

Probu ya moyo ya megahezi 2 hadi 5 inatosha kwa watoto wa shule. Beba betri mbili zilizojaa, kidhibiti umeme (jenereta za shuleni hupandisha na kushusha umeme hadi mashine inajizima katikati ya kipimo), shuka za kuziba madirisha, godoro la sponji, mizani na kipimo cha urefu. Jeli kadiria ml 15 kwa mtoto, yaani lita 5 kwa watoto 330 hivi. Mpimaji mmoja akitumia dakika 7 kwa mtoto atapima kama 40 kwa saa tano. Ukimlazimisha apime 80, picha za mchana utazitupa.

Barua ya ridhaa iende nyumbani siku kadhaa kabla, kwa lugha ya mzazi, na iseme waziwazi: hakuna sindano, hakuna damu inayochukuliwa, hakuna mionzi. Mtoto naye aulizwe. Chumba kiwe na pazia, na wasichana wapimwe na mwanamke au mbele ya mwalimu wa kike. Wakubwa wakiona aibu hukaza misuli na kukunja bega, na dirisha la kati ya mbavu linafungika.

Kuweka mashine

Hapa ndipo utafiti mwingi unapoharibikia, na ni kazi ya dakika tatu kila asubuhi.

Zima hamoniki, yaani picha inayotengenezwa kwa mwangwi wa masafa maradufu. Mashine karibu zote za kisasa huwaka zikiwa zimeiwasha kwa sababu inasafisha picha, lakini inanenepesha valvu. Jani la valvu lenye unene wa mm 2.5 linaweza kusomeka mm 3 na zaidi. Masafa yasishuke chini ya megahezi 2, kwa sababu hiyohiyo. Wimbi la megahezi 2 mwilini lina urefu wa mm 0.77 hivi, kwa hiyo tofauti kati ya jani la mm 2.6 na la mm 3.1 haifikii hata urefu wa wimbi moja. Ukielewa hilo hutaamini tena unene unaosomwa haraka haraka.

Geini (ukuzaji wa mwangwi) ipunguzwe mpaka damu iwe nyeusi kabisa huku kingo za valvu zikionekana, kisha ikome hapo. Ikizidi, majani yanavimba na nyuzi zinazoshikilia valvu zinaonekana kama kamba za katani.

Skeli ya rangi ipandishwe hadi mwisho. Kikomo cha Nyquist (kasi ya juu kabisa ambayo rangi inaweza kuipima) kikiwa chini, hata damu inayotembea polepole pembeni ya mvujo inapakwa rangi, na mvujo wa sm 1.3 unageuka wa sm 2.1. Kama mashine inakataa kupanda, punguza kina: mwangwi ukirudi kutoka karibu, mashine inatuma mipigo mingi zaidi kwa sekunde na kikomo kinapanda. Kwa mtoto wa miaka minane, kina cha sm 10 hadi 12 mara nyingi kinatosha.

Fremu zisipungue 30 kwa sekunde. Moyo wa mtoto ukipiga 100 kwa dakika, sistoli (moyo ukijikaza kusukuma damu) huchukua kama sekunde 0.3. Ukiwa na fremu 15 unapata picha nne tu za sistoli nzima, na huwezi kusema mvujo umeanza lini wala umeisha lini. Njia ya kuziongeza ni kufinya kisanduku cha rangi kifunike valvu na sehemu ya atiria (chumba cha juu cha moyo) tu, bila kukumbatia moyo mzima.

Hifadhi mpangilio huo kwa jina lake kwenye mashine, kisha piga picha skrini ya kila mtoto ikiwa na namba hizo. Msomaji wa baadaye ataamua picha ipi ya kutupa.

Kupiga picha

Kabla ya yote, andika umri na uzito. Vigezo vilivyoboreshwa na Shirikisho la Moyo Duniani mwaka 2023 vinaruhusu urefu wa sm 1.5 kwa mtoto wa chini ya kilo 30, na sm 2 kwa mwenye kilo 30 au zaidi, kwa mvujo wa mitrali. Bila uzito huwezi kurudi nyuma na kuainisha upya.

Mtoto alale ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa. Anza upande wa kushoto wa kidari, kwenye nafasi ya mbavu ya tatu au ya nne, alama ya probu ikielekea bega la kulia: huo ni mkato mrefu, wenye atiria na ventrikali (chumba cha chini) ya kushoto, mitrali na aota. Chukua mapigo matatu bila rangi, kisha matatu yenye rangi juu ya mitrali, matatu juu ya aota. Zungusha probu digrii 90 kupata mkato mfupi. Hapo hesabu majani ya aota. Yakiwa mawili badala ya matatu, mvujo wa aota una sababu yake ya kuzaliwa nayo, na mtoto huyo ana rufaa yake lakini haingii kwenye hesabu yako. Kisha nenda kwenye ncha ya moyo kwa vyumba vinne, na uinue probu kidogo upate na aota.

Kila mvujo uonekane kwenye mikato miwili. Ukiuona kwenye mmoja tu, hata kama ni mrefu, haujatimiza kigezo. Mvujo wa baridi yabisi kwa watoto mara nyingi unapiga kuelekea nyuma ya atiria, kwa hiyo mkato mrefu unauonyesha vizuri, ilhali kwenye vyumba vinne unaweza kukukwepa usipoelekeza probu nyuma kidogo.

Sasa Doppler ya mfululizo. Weka mstari katikati ya mvujo, sambamba nao. Pembe ndiyo inayoiba kasi: mvujo wa kweli wa mita 4.5 kwa sekunde, ukipimwa kwa pembe ya digrii 50, unasomeka 2.9, na mtoto mgonjwa anaandikwa mzima. Zungusha na kuinamisha probu hadi kasi ya juu kabisa ipatikane, kisha rekodi. Umbo la mchoro liwe limejaa tangu valvu inapofunga hadi inapofunguka tena. Kidole kifupi cha mwanzo wa sistoli ni damu inayosukumwa na majani yanapofunga, na watoto wengi wazima wanayo. Kama huna ECG (mchoro wa umeme wa moyo), sauti za valvu kufunga na kufunguka kwenye mchoro zinatosha kuonyesha mipaka.

Kuna makosa mawili yanayojirudia sana. Kwenye mitrali, damu ya mshipa wa mapafu inayoingia atiria inasomwa kama mvujo. Rudisha picha polepole uone kama rangi imeanzia kwenye valvu. Kwenye aota, damu iingiayo kwa nguvu kupitia mitrali iliyosinyaa inasomwa kama mvujo wa aota. Mkato mrefu utakuondolea shaka. Na mtoto mwenye homa au anayelia apimwe baadaye akitulia.

Kupima kwenye picha

Urefu wa mvujo unapimwa kuanzia sehemu nyembamba kabisa ya mvujo, pale unapochomoza kwenye valvu, hadi pikseli ya mwisho ya rangi, iwe bluu au nyekundu. Usitumie zumu.

Unene wa jani la mbele la mitrali unapimwa katika diastoli (moyo ukilegea na kujaa damu), jani likiwa limefunguka kabisa, kwenye fremu inayotenganisha nyuzi na jani vizuri kuliko zote. Pima mahali penye unene mkubwa zaidi, pamoja na vinundu. Kosa la kawaida ni kupima jani pamoja na uzi uliolalia juu yake. Kwa mtu wa miaka 20 au chini, mm 3 na zaidi ni unene wa ugonjwa. Miaka 21 hadi 40 ni mm 4. Zaidi ya 40 ni mm 5. Mwendo wa jani una uzito kuliko unene, kwa maoni yetu. Jani lililokunjika kama kiwiko, ncha ikiwa imekwama huku katikati ikitunisha, halitokani na kitufe chochote.

Kwa mujibu wa vigezo vya 2012 vya shirikisho hilohilo (kabla urefu wa mitrali haujafungamanishwa na uzito mwaka 2023), mvujo wa mitrali ni wa ugonjwa ukitimiza yote manne: mikato miwili, sm 2 au zaidi, kasi ya mita 3 kwa sekunde au zaidi kwenye mchoro mmoja kamili, na kudumu sistoli nzima. Kwa aota ni hivyohivyo, ila urefu ni sm 1, kasi inapimwa mwanzo wa diastoli na mvujo udumu diastoli nzima. Kasi ya mita 3 ina maana ya tofauti ya shinikizo ya mmHg 36, kwa kanuni ya mara nne ya kasi kipeo cha pili. Mvujo wa kweli wa mitrali kwa kawaida uko juu ya hapo, na ukipata 2.5 kwanza shuku pembe. Mvujo wa mitrali wa ugonjwa peke yake, kwa mwenye miaka 20 au chini, ni hali ya mpakani. Ukiambatana na dalili mbili za umbo, kama unene na jani lililokwama, ndipo unaitwa ugonjwa dhahiri.

Kusoma

Aliyepiga picha asiwe msomaji wa mwisho. Picha zipewe namba, majina yaondolewe, na wasomaji wawili wasome kila mmoja peke yake bila kujua jibu la mwenzake. Wakipishana, wa tatu anaamua. Changanya humo picha za watoto wazima ili msomaji asijue kwamba kila anachofungua kimeshashukiwa. Asilimia 10 wazisome tena baada ya mwezi. Mtu akipishana na nafsi yake kwenye unene, kama inavyotokea mara nyingi, rudini pamoja kwenye fremu moja moja mkubaliane mahali pa kuweka rula, kabla ya kuendelea na shule nyingine.

Mtoto anayethibitishwa ajulishwe mzazi wake wiki hiyohiyo, ana kwa ana, bila kuitwa mbele ya darasa. Penisilini ya kila wiki nne si jambo la kukisia tena: jaribio lililofanywa Uganda kwa watoto 818 wenye ugonjwa uliojificha, wa miaka 5 hadi 17, waliochujwa kutoka zaidi ya 100,000, lilionyesha kwamba baada ya miaka miwili ugonjwa ulisonga mbele kwa 0.8% ya waliochomwa na 8.2% ya wasiochomwa. Kwa hiyo barua ya rufaa iwe tayari kabla ya siku ya kwanza ya kupima, ikiwa na jina la kliniki itakayompokea, siku anayotakiwa kufika, na nakala ya vipimo vyake: urefu wa mvujo, kasi, unene na mkato vilipopimwa.