Kubadilisha shokapu za nyuma zilizochoka kwa gharama nafuu

Shokapu haibebi uzito wa gari. Uzito hubebwa na springi, na kazi ya shokapu ni kuituliza springi hiyo baada ya kubanwa na tuta au shimo, ambapo mafuta yaliyomo ndani yake hulazimika kupita kwenye matundu membamba ya valvu na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Nimeanza na jambo hili kwa sababu linagusa mfuko moja kwa moja: gari ambalo nyuma yake imelala hata likiwa limeegeshwa bila mzigo lina tatizo la springi, na mwenye gari akinunua shokapu mpya atabaki na tatizo lile lile. Ni baadhi tu ya magari, yenye shokapu zinazojisawazisha kulingana na mzigo, ambayo hayafuati kanuni hii.

Dalili ya kuaminika zaidi ya shokapu iliyochoka ni mafuta. Inama nyuma ya tairi ukiwa na tochi na uangalie mwili wa shokapu: ukungu mwembamba wa mafuta karibu na mdomo wake wa juu ni jambo la kawaida, lakini ukiona mafuta yametiririka hadi chini na kushika vumbi, sili (raba inayozuia mafuta yasivuje) imekwisha. Baada ya hapo papasa uso wa tairi kwa kiganja. Mabonde yanayojirudia kuzunguka tairi huonyesha kwamba gurudumu limekuwa likidunda barabarani badala ya kuigandamiza. Jaribio la kukandamiza kona ya gari na kuiachia lina manufaa yake, kwa kuwa gari linaloendelea kupanda na kushuka zaidi ya mara moja au mbili halina shokapu nzima, ila jaribio hilo hukamata tu shokapu iliyokufa kabisa, na gari linaweza kulifaulu huku likiyumba vibaya kwenye mwendo wa kasi. Sauti ya kugonga peke yake isikufanye ununue shokapu upesi, kwani mara nyingi kinachogonga ni bushi (raba ya kwenye kiungio) iliyolika au nati iliyolegea, na vitu hivyo ni rahisi zaidi.

Kabla ya kutafuta bei, tambua gari lako lina mpangilio gani, kwa maana hapo ndipo gharama yote inapoamuliwa. Katika magari mengi madogo, na katika yale yanayotumia springi za mapande, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, shokapu ya nyuma imesimama peke yake na springi iko kando. Kazi yake ni kufungua bolti ya chini na nati ya juu, na mtu mwangalifu mwenye vifaa vya kawaida anaweza kuifanya mwenyewe. Katika magari mengine springi imeizunguka shokapu, na haiwezekani kuzitenganisha bila kuibana springi kwanza kwa kibano maalumu. Springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuua. Kwa mpangilio huo, njia ya nafuu iliyo salama ni kuushusha mkusanyiko mzima nyumbani, kuupeleka gereji ili fundi mwenye kibano kizuri ahamishie springi kwenye shokapu mpya, kisha kuurudisha mwenyewe. Utalipia kazi fupi ya mezani badala ya kazi nzima. Ikiwa shokapu ina waya wa umeme au bomba la hewa, iache mikononi mwa wanaoijua.

Shokapu hununuliwa mbili mbili, ya kushoto na ya kulia, hata kama inayovuja ni moja. Mpya ikifungwa upande mmoja na kuukuu upande wa pili, nyuma ya gari haitulii kwa usawa, na tofauti hiyo hujitokeza pale dereva anapokwepa kitu ghafla. Tafuta shokapu kwa namba ya chesisi au namba ya kipuri, wala usiridhike na jina la gari, kwa sababu gari la jina moja linaweza kuwa na shokapu za urefu tofauti kulingana na mwaka au aina ya bodi. Uliza pia bei inajumuisha nini: bushi, nati mpya, raba ya kuzuia kugonga na mfuniko wa vumbi mara nyingi huuzwa kando, na shokapu iliyoonekana rahisi dukani inaweza kuishia kuwa ghali kuliko ile iliyokuja na kila kitu. Shokapu za kampuni huru zenye sifa njema zinatosha kwa matumizi ya kawaida, na zile ngumu zilizotengenezwa kwa mizigo mizito zitakupa safari ya kuchosha bila faida yoyote ikiwa hubebi mizigo. Shokapu zilizokwisha kutumika sizipendekezi hata kidogo. Hakuna anayeweza kutazama nje akajua valvu za ndani zimebakiza nini, na watengenezaji wengi huanza kuzitilia mashaka hata zisizovuja zinapokaribia kilomita 80,000.

Siku moja kabla ya kazi, safisha nyuzi za bolti kwa brashi ya waya na uzilowanishe kwa mafuta ya kulegeza kutu, kisha urudie asubuhi. Nasisitiza hatua hii kuliko nyingine zote, kwa kuwa fedha nyingi hupotelea kwenye bolti iliyokatika. Katika baadhi ya magari nati imechomelewa ndani ya fremu, na bolti ikikatika humo utahitaji mchomeleaji ambaye malipo yake yanaweza kumeza akiba yako yote. Kwa hiyo, bolti ikikaza, usiilazimishe kwa bomba refu. Ikaze kidogo, ilegeze kidogo, ongeza mafuta, subiri, urudie. Wala usiipashe moto mwenyewe, kwani karibu yake kuna shokapu yenye mafuta na pengine gesi yenye shinikizo, na jirani yake kuna mabomba ya breki na tangi la mafuta.

Egesha gari mahali tambarare na pagumu, uweke vigingi mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, kwa sababu breki ya mkono katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma, ambayo sasa yatakuwa hewani. Legeza nati za magurudumu kabla ya kuinua, inua kwa jeki, kisha ulilaze gari juu ya stendi mbili katika sehemu zilizotajwa kwenye kitabu cha gari. Usiingize mwili wako chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja. Jeki yenyewe ihamishie chini ya ekseli au mkono wa gurudumu upande unaoanza nao, uinue mpaka ikamate tu. Katika magari mengi shokapu ndiyo inayoizuia ekseli isishuke kupita kiasi, na ukiifungua bila kuitegemeza, springi inaweza kuchomoka na bomba la breki likavutika. Kwa sababu hiyo hiyo maliza upande mmoja kabisa ndipo uhamie wa pili.

Nati ya juu hufikiwa kupitia kwenye buti nyuma ya kitambaa cha ubavuni, au nyuma ya kiti, au ndani ya tao la gurudumu. Mara nyingi ukizungusha nati, fimbo ya shokapu huzunguka nayo. Ncha yake imechongwa ili uishike kwa spana ndogo au kwa elki (ufunguo wenye umbo la L) huku ukifungua nati kwa spana ya ringi. Shokapu ya zamani unaweza kuishika kwa plaisi upendavyo, lakini usiibane kamwe fimbo ya mpya, kwa sababu mkwaruzo mdogo kwenye uso wake unaong'aa utaichana sili katika wiki za mwanzo, na shokapu uliyoinunua kwa jasho itaanza kuvuja. Kabla ya kuondoa washa na raba za juu, zipige picha kwa simu ili zirudi kwa mpangilio ule ule.

Shokapu mpya iliyolala dukani inaweza kuwa na hewa mahali pasipotakiwa. Isimamishe kama itakavyokaa kwenye gari, uivute na kuisukuma taratibu mara tano hadi sita mpaka ukinzani wake uwe sawa mwanzo hadi mwisho. Yenye gesi hutanuka yenyewe ikifunguliwa kamba, kwa hiyo ingiza ncha ya juu kwanza, ishikishe nati, kisha inua ekseli au mkono wa gurudumu kwa jeki polepole hadi tundu la chini lilingane na bolti.

Hatua inayofuata hurukwa hata na mafundi wazoefu. Bolti inayopita kwenye bushi ya chini isikazwe kwa nguvu ya mwisho gari likiwa linaning'inia. Bushi ikibanwa hapo, hujipinda kila gari linaposhuka kwenye kimo chake cha kawaida, na raba huchanika mapema. Inua ekseli kwa jeki mpaka ifikie kimo cha gari lililosimama, au rudisha magurudumu na ushushe gari chini, ndipo ukaze kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari ukitumia spana ya kupimia nguvu. Spana hiyo inaweza kuazimwa. Haina haja ya kununuliwa kwa kazi ya siku moja.

Nati za magurudumu kaza kwa kuvuka upande hadi upande, si kwa kuzunguka. Endesha polepole kwenye barabara yenye matuta huku redio imezimwa. Ukisikia kugonga, rudi kwanza kwenye nati ya juu. Ikiwa shokapu ilisimama peke yake, haikuwa inapanga pembe za magurudumu, kwa hiyo huna sababu ya kulipia alaimenti. Ikiwa ilikuwa ndani ya springi na imefungwa kwenye kitovu cha gurudumu, lipia. Baada ya kilomita 100 hivi kagua tena nati zote. Shokapu za zamani usizikate wala kuzitoboa, kwa sababu ya gesi, na mafuta yake yasimwagwe ardhini. Zipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ukiwaeleza kwamba bado hazijatolewa gesi.