Jinsi ya kumchorea ndugu yako VVU inavyozaliana, ili asiache dawa

Kama una ndugu ameanza ARV halafu miezi kadhaa mbele anakwambia mbona niko fiti, naziacha, usianze kumgombeza. Tafuta karatasi, kalamu ya bluu na nyekundu, mkae chini mchoree. Nilifanya hivi na mjomba wangu.

Chora duara kubwa la bluu, hiyo ni seli ya CD4, askari wa mwili. Pembeni weka nukta nyekundu, ndo kirusi, na mwambie hata hiyo nukta ni kubwa mno, maana ukivipanga mstari inabidi vifike kama elfu nane ndo upate milimita moja. Hakili, hakipumui, hakijigawi kama bakteria. Kina maelekezo tu ndani ya ganda, ni kama mtu ana vipimo vya nguo lakini hana cherehani, lazima aingie kwenye fremu ya fundi, na huyu akiingia anamfanya fundi amshonee yeye tu.

Kinaingiaje? Kinashika kishikizo kinachoitwa CD4, ndo seli ilikopata jina, kwenye utando wa nje wa seli, kinaungana nao, kinamwaga mzigo ndani.

Hapa usikimbie. Maelekezo ya VVU ni RNA, ya seli yetu ni DNA, kwa hiyo kinakuja na karani wake, kimeng'enya (protini inayofanya kazi maalumu) kinachonakili kinyumenyume, RNA inakuwa DNA. Karani huyu harudii kusoma alichoandika, anakosea sana yaani, na ndo maana kurukaruka dozi ni hatari, dawa ikipungua mwilini huenda kuna nakala moja yenye kosa ambayo dawa haiiwezi, hiyo ndo inabaki inazaa.

Sasa chora uzi wa bluu katikati ya duara, halafu upenyeze kipande chekundu ndani yake. Kimeng'enya kingine kimeshona DNA ya kirusi kwenye DNA ya seli, na kuanzia hapo seli inatengeneza virusi vipya vinachomoza kwenye utando na kwenda kutafuta seli nyingine.

Kwa kidonge cha TLD, yaani ARV tatu ndani ya kidonge kimoja, weka X mbili, moja kwa karani, moja kwa mshonaji. Tenofoviri na lamivudini zinampa karani herufi feki, sentensi inakatika. Dolutegraviri inamzuia mshonaji, kile kimeng'enya cha pili.

Mjomba akanichukulia kalamu akauliza, na huu uzi uliokwisha shonwa je? Swali zuri kuliko yote. Huo haung'oki. Kuna seli zinalala nao miaka na miaka, dawa haizigusi, ila zikiamka na kutoa virusi, dawa inavizuia visijishone kwenye DNA ya seli mpya. Ukiacha, wiki chache tu kipimo cha wingi wa virusi kinapanda tena, hata kama mwili bado unajisikia mzima.

Kama ameshakosa siku kadhaa, asimeze viwili kufidia wala asijipangie mwenyewe, mpeleke kliniki aseme ukweli amekosa siku ngapi.