Somo: Kuchenjua fosfeti ya Sukulu, Tororo, kuanzia udongo hadi makinikia

Udongo wa milima ya Sukulu, karibu na Tororo nchini Uganda, umetokana na mwamba wa kabonataiti (mwamba wa volkano wenye kalisaiti nyingi, madini ya chokaa) uliolika kwa mvua kwa miaka mingi. Kalisaiti imeyeyuka ikaondoka. Iliyobaki ni apatiti, yenye fosfeti tunayoitaka, ikiwa imechanganyika na magnetaiti (madini ya chuma yanayovutwa na sumaku), kwazi (madini ya mchanga mweupe) na tope jekundu la chuma.

Hatua ya 1. Loweka udongo, kisha usugue kwa kuukoroga ukiwa mzito, ili tope libanduke kwenye punje. Chekecha mawe makubwa yaende kwenye kinu.

Hatua ya 2. Ondoa tope. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha, na ndipo kazi inapoharibika. Chembe za tope ni ndogo mno, na kwa pamoja zina eneo kubwa la kunasa dawa tutakayotia hatua ya 4. Utamwaga dawa na apatiti isipate kitu. Jaribu kwenye ndoo: koroga, acha mchanga utue, mwaga maji mekundu ya juu, ongeza mengine. Rudia mpaka uone punje chini ya maji. Kiwandani kazi hiyo hufanywa na saikloni, chombo kinachozungusha maji kwa kasi ili kutenga chembe laini na nzito. Fosfeti iliyo laini sana itapotea na tope. Ikubali hasara hiyo.

Hatua ya 3. Pitisha sumaku, itoe magnetaiti.

Hatua ya 4. Povu. Pandisha pH (kipimo cha asidi) kwa magadi hadi 9 au zaidi kidogo, tia sodiamu siliketi kuzuia kwazi, kisha asidi za mafuta, dawa inayonata kwenye apatiti. Apatiti hushika viputo vya hewa na kupanda. Kwazi hubaki chini.

MASWALI

*Mkuu, kwa nini tusioshe kwenye karai kama dhahabu?*
Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji. Apatiti ni 3.2 hivi na kwazi 2.65. Zitaondoka pamoja.

*Na Minjingu kwetu Manyara?*
Ile ni fosfeti ya mabaki ya viumbe kando ya ziwa la kale, si ya kabonataiti. Aina yake laini hukaushwa na kuchekechwa, haihitaji povu.

*Nikichimba chini hadi mwamba wenye kalisaiti?*
Asidi hizohizo za mafuta zitabeba apatiti na kalisaiti vyote viwili, maana vyote vina kalisi. Njia mojawapo ni kugeuza: shusha pH hadi karibu 5 kwa asidi ya fosforiki, inayozuia apatiti, kisha kalisaiti ndiyo ielee. Pima sampuli ndogo kwanza kabla ya kununua dawa.