Kurekebisha wasifu wa mbunge kwenye Wikipedia: anza na miaka, sifa baadaye

Ukifungua Wikipedia ya Kiswahili ukatafuta mbunge wa huku kwetu nyanda za juu kusini, awe wa Kyela, Mufindi au Makete, mara nyingi utakuta mistari miwili tu, jina, chama, jimbo, alafu 2015 – 2020 basi. Mtu ameshatoka bungeni, mwingine kahama chama, mwingine katangulia mbele za haki, ukurasa bado unasema ni mbunge. Kurasa fupi za hivi kule wanaziita mbegu, na yeyote anaruhusiwa kuzirekebisha, hata wewe uliyekaa Mwanjelwa hapa Mbeya na simu yako na bando la jioni. Shida ni kwamba wengi wakiingia wanakimbilia kuongeza sifa, wakati kazi yenyewe ni kukagua kwanza kilichopo.

Fungua akaunti, ni bure, alafu kabla hujagusa chochote pitia historia ya ukurasa na ukurasa wa majadiliano. Kwenye historia utaona nani aliandika nini na lini, na kama kuna sentensi imefutwa ikarudishwa ikafutwa tena ujue hapo pana mgogoro, usiingie kichwa kichwa, soma wenzako wanabishana nini.

Sasa miaka. Hapa ndo makosa yamejaa na ndo ningekushauri utumie muda mwingi. Chukua chaguzi za vyama vingi, 1995, 2000, 2005, 2010, 2015, 2020, 2025, ziandike pembeni kwenye karatasi, alafu panga wabunge wote wa jimbo hilo kwa mfululizo uone kama wanagongana. Mfano Iringa Mjini: Monica Mbega hadi 2010, Peter Msigwa 2010 hadi 2020, Jesca Msambatavangu akaingia 2020. Ukikuta ukurasa unampa mtu mwingine jimbo hilo 2012, labda kuna mtu kachanganya Iringa Mjini na majimbo mengine ya Iringa. Na huyo huyo Msigwa ana mtego wake, bungeni alikuwa kwa tiketi ya Chadema, akahamia CCM 2024, kwa hiyo mtu akipita haraka akabadilisha chama juu ya ukurasa bila kugusa chini unapata sentensi inayosema alikuwa mbunge wa CCM 2010, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Chama kiandikwe pamoja na kipindi chake.

Mtego mwingine ni njia mtu aliyoingilia bungeni. Tulia Ackson watu wanamwandika mbunge wa Mbeya Mjini tangu 2015 kwa sababu ndo mwaka aliokuwa Naibu Spika, kumbe 2015 aliingia kwa kuteuliwa na Rais, na Mbeya Mjini ilikuwa ya Joseph Mbilinyi, Sugu, aliyeishika 2010 hadi 2020. Tulia ameshinda jimbo hilo 2020, akawa Spika Februari 2022, Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani Oktoba 2023, na uchaguzi wa 2025 jimbo likiwa limegawanywa akagombea Uyole. Yani mtu mmoja, ndani ya miaka kumi, ana majibu matatu tofauti ya swali la ni mbunge wa wapi. Viti maalum nao hivyo hivyo, usiandike tu "mbunge wa Njombe", sema viti maalum, maana anayesoma akiwa Kigoma atadhani ni jimbo.

Alafu kuna mikoa, na hii sisi wa nyanda za juu kusini ndo tunaijua vizuri kuliko wengine kwa hiyo hatuna kisingizio. Njombe imekuwa mkoa 2012, kabla ya hapo ilikuwa Iringa. Songwe imetoka Mbeya 2016. Anne Makinda alipochaguliwa Spika 2010, mwanamke wa kwanza nchini, jimbo lake la Njombe Kusini lilikuwa mkoa wa Iringa, kwa hiyo ukiandika mwaka huo weka Iringa na uongeze "sasa mkoa wa Njombe". Aliyekuwa mbunge Mbozi 2005 alikuwa mbunge ndani ya mkoa wa Mbeya. Na uwanja wa ndege wa Songwe upo Mbeya bwana, mi nacheka kila nikiona mtu kauhamishia mkoa wa Songwe kwa sababu ya jina. Kwa wazee wa zamani angalia pia chama, CCM imezaliwa tarehe 5 Februari 1977 TANU ya bara na ASP ya Zanzibar zilipoungana, sasa mbunge wa bara wa 1970 hawezi kuwa wa CCM hata kama baadaye alizeeka nayo.

Miaka ikikaa sawa ndo uende kwenye maneno. Utakutana na sentensi ya aina hii: "Mheshimiwa ni kiongozi shupavu, mpenda watu, aliyejenga barabara na zahanati nyingi jimboni." Ichambue. Mheshimiwa toa, kamusi elezo haimpi mtu shikamoo. Shupavu na mpenda watu ni maoni, toa, maana hakuna gazeti litakalokuthibitishia. Inabaki barabara, na hapo jiulize kweli mbunge ndo kajenga? Barabara za wilaya tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, za mkoa na barabara kuu ni TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, zahanati mara nyingi ni halmashauri na nguvu za wananchi. Mbunge anaweza kuwa aliuliza swali bungeni, au ulitumika mfuko wa maendeleo ya jimbo ambao sheria yake ni ya 2009, basi tafuta hicho. Ukipata kwenye Hansard, yani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, kwamba siku fulani aliuliza kuhusu barabara fulani na naibu waziri akajibu hivi, andika hivyo hivyo, na tarehe. Sentensi inakuwa fupi kuliko ile ya sifa lakini hakuna wa kuifuta.

Vyanzo vya kuanzia ni tovuti ya Bunge, Hansard zenyewe, matokeo ya tume ya uchaguzi, alafu Mwananchi, Habari Leo, The Citizen. Tovuti ya Bunge nzuri kwa elimu na ajira za mtu ila ujue ni taarifa zake mwenyewe, kwa hiyo jambo lenye ubishi lisisimame kwa hiyo peke yake. Wikipedia ya Kiingereza sio chanzo, ila fuata vyanzo vyake. Status ya WhatsApp ya kada wa kata usinitajie. Linki ikiwa imekufa usiifute haraka, ijaribu kwanza kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za zamani za kurasa za mtandaoni.

Kama mhusika yuko hai ongeza umakini mara mbili. Kesi ya mahakamani iandikwe ikiwa na chanzo kizito, na ufuatilie iliishia wapi, maana kuacha "alishtakiwa" bila kusema alifutiwa au alikata rufaa ni kumwonea mtu. Ndoa, watoto, ugonjwa, kama havijatangazwa hadharani na havihusiani na kazi yake achana navyo. Cheo cha "Dk." nacho kiangalie ni cha kusomea au udaktari wa heshima. Na wewe kama ni mpwa wake, au ulipiga kampeni zake, au ofisi yake imekutuma, usihariri ukurasa wenyewe, andika kwenye majadiliano ukiweka wazi uhusiano wenu na uwape wengine vyanzo wafanye.

Ukimaliza, kila ukihifadhi jaza kile kisanduku cha muhtasari, hata maneno matano, "nimerekebisha chama 2010–2020, chanzo Hansard". Hifadhi kidogo kidogo, miaka peke yake, sifa peke yake, usibadilishe ukurasa mzima kwa mkupuo mmoja, kwa sababu mtu asipokubaliana na sentensi moja atarudisha kazi yote nyuma. Akirudisha, usimrudishie, nenda majadiliano umwite kwa jina lake la akaunti, weka chanzo chako, umsubiri.