Lami, ukingo au vichochoro: ninavyochagua njia ya baiskeli Mbeya

Natoka Igawilo kila alfajiri na keni mbili za maziwa, lita 20 kila upande wa karia. Nikifika Uyole nashika barabara kuu kuelekea mjini, Nane Nane, Sae, Soweto, mpaka Mwanjelwa, ambako mama ntilie watatu na mgahawa mmoja wananisubiri kabla chai haijachemka. Nimeanza kazi hii nikiwa kijana wa kupiga pedeli mlimani bila kushuka. Sasa nina mvi na mlimani nasukuma.

Mpwa wangu ameanza kunisaidia mwaka huu. Swali lake la kwanza halikuwa bei ya lita wala namna ya kufunga keni zisicheze. Aliuliza, "Mjomba, unapita wapi? Kwenye lami au kando?" Nilimwambia inategemea, akadhani namficha siri ya biashara. Kwa hiyo nimeamua kuiandika, yeye asome na mwingine yeyote mwenye baiskeli asome.

Safari yangu ni moja lakini naikata vipande, na kila kipande kina pake pa kupita. Anayekwambia lami ni ya magari tu, wewe kaa kando siku zote, atakuumiza. Anayekwambia barabara ni ya wote, kaza moyo upite katikati, huyo naye hajakutana na semitrela linalokwenda mpakani Tunduma.

Mjini: hesabu vinavyokukatiza

Mgeni wa baiskeli huogopa kinachotoka nyuma kwa sababu hakioni. Akisikia honi tu anatumbukia kwenye njia ya waenda kwa miguu na kushusha pumzi. Nami nilikuwa hivyo. Mwaka mzima nilipita kando pale Mwanjelwa, na mwaka huo huo nikagongwa mara mbili na bodaboda zinazochomoka kwenye mageti, tena nikamwangusha binti aliyebeba ungo wa ndizi. Ndizi nililipa zote.

Siku moja niliamua kuhesabu. Kutoka Soweto nikaenda mdogo mdogo kando ya barabara, kila nikiona mahali panapoweza kutokea kitu cha kunikatiza nahesabu moja. Geti. Mlango wa duka unaofungukia nje. Kijiwe cha bodaboda. Turubai la mitumba. Abiria anayeruka kutoka kwenye daladala huku anaangalia simu. Mtaro uliokosa mfuniko. Nilipofika 30 nilikuwa bado naiona Soweto nyuma yangu, nikaacha kuhesabu. Juu ya lami, kipande kile kile, vya kunikatiza ni maungio ya barabara na vituo vya daladala, na vyote naviona mapema.

Halafu mjini tofauti ya mwendo wako na wa magari si kubwa sana. Sheria inataka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, na kwa msongamano wa asubuhi hata 50 ni ndoto. Mimi na mzigo naenda kama 15. Dereva ana muda wa kuniona, kunikasirikia, na kunipita. Kwa hiyo mjini napita kwenye lami, upande wa kushoto, lakini siukumbatii ukingo. Nakaa kama mita moja kutoka mwisho wa lami. Nikijibana kabisa ukingoni, dereva wa nyuma anaona nafasi ambayo haipo, anajaribu kupenya kati yangu na gari linalokuja, na mimi na keni zangu tuna upana wa karibu sentimita 80. Nikikaa mita moja ndani anaelewa kwamba lazima asubiri kidogo. Atapiga honi. Honi haivunji mfupa.

Kwenye magari yaliyoegeshwa napita mbali kiasi cha mlango kufunguka wote. Na sichezi nje ndani, nje ndani, kila nikiona uwazi kati ya magari mawili. Ukipotea nyuma ya gari lililoegeshwa halafu ukaibuka tena, kwa dereva wa nyuma wewe ni mtu mpya kabisa.

Daladala inahitaji somo lake. Ikikupita karibu na kituo, jua itasimama mbele yako, hata kama ndani hakuna anayeshuka. Usimwangalie dereva, mwangalie konda. Akiwa ameinama mlangoni na mkono nje, macho yake yakiangalia kushoto, anatafuta abiria. Akigonga bodi, gari linasimama sasa hivi. Abiria akipaza sauti "Shusha!", ndiyo hiyo hiyo. Hapo kosa la wengi ni kuteleza kushoto, kati ya daladala na watu wa kituoni, kwa sababu panaonekana pana nafasi. Nafasi hiyo ina mtu anayeshuka na ndoo. Geuka uangalie nyuma, nyoosha mkono wa kulia, pita kulia. Ukiona kulia hakupitiki, kanyaga chini usubiri. Inaondoka mara moja, konda hana subira kuliko wewe.

Kwenye maungio, Mafiati kwa mfano, kitu kimoja tu nitakisema kwa ukali: usisimame ubavuni kushoto mwa lori. Lori refu likikata kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati yalipopita ya mbele, yanakatiza ndani zaidi, yanakusogelea pale pale uliposimama. Dereva anaweza kuwa amepiga kona yake vizuri kabisa na bado trela likakubana kwenye ukingo. Kama huoni uso wake kwenye kioo cha pembeni, naye hakuoni. Kaa nyuma yake, unuse moshi, utapona.

Nje ya mji hesabu inageuka

Pale Uyole barabara ya Tukuyu inaungana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Zambia. Malori ya Malawi yanatokea mpakani Kasumulu, ya Zambia na Kongo yanaelekea Tunduma, yote yanasongamana hapo. Ukitoka nje ya makazi, lori na basi wanaruhusiwa kilomita 80 kwa saa. Mimi na 15 zangu. Tofauti ni 65, yaani lori linanisogelea karibu mita 18 kila sekunde. Likiwa mita 100 nyuma yangu, nina sekunde tano na nusu. Muda huo hautoshi hata kugeuza shingo na kuirudisha bila kuyumba na lita 40.

Na mageti ya kunikatiza huku hayapo. Hatari kweli iko nyuma sasa. Kwa hiyo hapa nageuka mtu mwingine: penye njia ya vumbi inayokwenda sambamba na lami, nyuma ya mashamba au mbele ya nyumba, naishika hata kama inaniongezea robo saa. Pasipo na njia hiyo, na ukingo ni mwembamba, na nasikia malori mawili yanapishana, nashuka mapema na kusimama kwenye nyasi. Sioni aibu. Maziwa hayachachi kwa dakika moja.

Hilo la kushuka mapema lina historia yake. Ilikuwa mwezi wa sita. Huku kwetu mwezi huo jua linachelewa, saa kumi na mbili na nusu bado ni giza, na baridi inagandisha vidole kwenye breki. Nilikuwa barabara kuu, nimeng'ang'ania mwisho wa lami kama ninavyokukataza leo. Basi likapiga honi ndefu nyuma yangu. Nikashuka. Pale lami ilikuwa imemeguka, kutoka juu hadi kwenye udongo ni kina cha kiganja kizima. Kushuka nilishuka salama. Basi likapita, upepo wake ukanisukuma kisha ukanivuta, nami kwa haraka ya kijinga nikageuza usukani kidogo tu ili nirudi juu. Tairi la mbele halikupanda. Lilisugua ule ukuta wa lami kwa ubavu na kuufuata, wakati mwili wangu umeshaegemea kulia. Nikaanguka juu ya lami kama gunia. Keni moja ikafunguka, na maziwa yaliyokamuliwa muda si mrefu yakatambaa meupe gizani, yanatoa mvuke, mpaka mtaroni.

Mama mmoja aliyekuwa anaenda sokoni alitua tenga lake la kabichi, akanivuta mimi kwanza kwa ukosi wa koti, ndipo akarudia baiskeli. "Pole baba," akasema, "ng'ombe atakamuliwa tena kesho." Nyuma ya lile basi hakukuwa na gari lingine. Ndiyo maana nipo nikiandika.

Tangu siku hiyo nina masharti mawili. Sishuki nikiwa nimefukuzwa, nachagua mwenyewe mahali ambapo lami na udongo viko sawa, kabla honi haijalia. Na nikishashuka, sirudi kwa kuiba pembeni. Nasimama, naangalia, kisha naikabili lami uso kwa uso, tairi likipanda kama mguu unavyopanda ngazi. Reli nazo zina tabia hiyo hiyo: ukivuka reli, ivuke kwa kuikata msalaba. Ukiivuka kwa mshazari, tairi linaingia kwenye ule mfereji au linateleza juu ya chuma kilicholowa, na husikii onyo lolote.

Nimefunga pia kioo cha pikipiki upande wa kulia wa usukani, cha mtumba. Vijana walinicheka wiki ya kwanza. Ya tatu wawili wakaniuliza nilikinunua wapi.

Kuna jambo la ujenzi. Barabara kuu kati ya Uyole na Ifisi iliwekewa mpango wa kupanuliwa iwe ya njia nne, na popote penye ujenzi kumbukumbu yako haikusaidii: uliyopita jana leo ina kifusi, mchepuko umehamia upande wa pili, na lori lililozoea kulia liko kushoto. Penye kazi kama hiyo napita kwanza jioni, keni tupu, naangalia, ndipo alfajiri nipite na mzigo.

Mvua, giza na vichochoro

Vichochoro vya udongo ni vitamu kuanzia mwezi wa tano mvua ikikatika, mpaka wa kumi. Mvua zikianza, udongo mwekundu unajaza matigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, na hapo lami yenye matatizo yake inakuwa bora. Ila kumbuka breki. Rimu za chuma zikilowa, mpira wa breki haukamati mara moja. Gurudumu lazima lizunguke mara kadhaa likijifuta, na kwenye mteremko mizunguko hiyo ni umbali mrefu. Mimi kwenye mvua nagusa breki kidogo kidogo kabla ya kuzihitaji, na mteremko wenye mzigo nashuka kwa miguu.

Gizani weka taa mbele na kitu chekundu kinachong'aa nyuma. Kwenye keni nimebandika utepe wa kuakisi mwanga, kwa sababu keni zinaziba ile rifleketa ya kwenye matigadi. Wengi wanaobeba mkaa wana rifleketa nzuri kabisa, iliyofunikwa na gunia.

Mtu ataniuliza kama njia maalumu ya baiskeli ingemaliza haya yote. Nilipita kwenye njia ya Dar es Salaam, ile ya kando ya Barabara ya Morogoro iliyojengwa pamoja na miundombinu ya mwendokasi, ambayo mabasi yake yalianza 2016. Niliazima baiskeli ya shemeji. Katikati ya vituo nilijisikia mfalme. Kwenye maungio nilirudi kuwa mimi, kwa sababu gari linalokata kushoto halitarajii mtu atokee kwenye kile kijia, na bodaboda zimekigeuza kuwa chao. Ningependa tuwe nayo Mbeya, sana. Lakini kila ikikutana na barabara nyingine ningepunguza mwendo kama vile haipo.

Iringa wenzetu wana mtihani wa kupanda kutoka Ipogolo kwenda mjini. Pale usione haya, sukuma, na usukume ukiwa upande ambao baiskeli iko kati yako na magari. Mlima wa Kitonga sina ushauri wa njia. Pakia baiskeli juu ya basi.

Mpwa wangu nilimpeleka Jumapili mchana, hakuna maziwa, keni tumezijaza maji ili ajue uzito. Tulisimama kila mahali ninapohama kutoka lami kwenda kando na kurudi, akashika alama zake: mwembe, nguzo iliyoinama, duka la vifaa vya umeme. Alama ni zake, mimi nina zangu.

Kurudi ni habari nyingine. Keni zikiwa tupu zinagongana, kelele yake inasikika kabla sijaonekana, wauza mitumba wanavuta turubai lao wenyewe na watoto wanasogea. Saa hiyo, Mwanjelwa hadi Soweto, napita kando.