Kumtetea punda bila kugombana na mwenyewe

Huku kwetu Lamu punda ndiye gari: mchanga, mawe, saruji, vyote hupita mgongoni mwake. Ukitaka kumtetea, anza kwa kutazama. Omba ruhusa kwa mwenyewe, inua ukingo wa shogi (tandiko la kubebea mizigo), uangalie mgongo na mbavu. Manyoya yaliyonyonyoka au ngozi iliyovimba ni dalili kwamba kidonda kinakuja, na hapo bado ni rahisi kukizuia. Mara nyingi kinacholeta balaa ni kamba ya nailoni inayokata, au shogi isiyotandikiwa kitu laini. Blanketi kuukuu la pamba, likitandazwa bila kukunjamana, husaidia sana.

Kazi kubwa ni maneno. Usimfokee kijana anayemwendesha punda mbele za watu. Msalimu, mvute pembeni, umwambie: "Mwanangu, huyu akilala wiki nzima, utakula nini?" Hilo humwingia mtu kuliko vitisho. Kisha mwelekeze kliniki ya The Donkey Sanctuary, shirika la kutetea punda, iliyoanza hapa mwaka 1987 na hutibu bila malipo. Ukiweza nenda naye, maana wengine huona haya.

Akiendelea kumtwika punda anayechechemea, piga picha ya kidonda, andika siku na mahali, upeleke kwa chifu au polisi. Sheria ya Kenya, Sura ya 360, inakataza kumbebesha mnyama kupita kiasi.

Nawe unayejenga, agiza mizigo midogo, ulipe kila safari, na uweke ndoo ya maji mlangoni.